Kwa Nini San Marino Ina Makapteni Wawili

Msicheke, wajukuu zangu. Najua wageni huwauliza kwa nini nchi ndogo hivi, ambayo mtu huivuka kabla ya chakula cha mchana, inahitaji wakuu wawili. Wenye nchi kubwa wanatosheka na mmoja. Basi kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Zamani hizo, mlima wetu wa Titano ulipokuwa na nyumba chache na mbuzi wengi, tulikuwa na Kapteni mmoja tu, naye alitawala mpaka kufa. Aliitwa Ugolino, mchonga mawe, kama walivyokuwa karibu wazee wetu wote. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo tulipoharibu mambo. Tulimpenda mno. Akifungua kinywa, watu waliitikia ndiyo kabla hajamaliza, maana nani angetaka kumuudhi Ugolino? Miaka ikapita bila mtu kumpinga, akasahau kwamba yeye pia anaweza kukosea.

Mwaka mmoja aliamua kujenga mnara, akalitaka jiwe refu lililosimama mtelemkoni, juu ya nyumba ya Fosca, mjane wa kaka yake. Jiwe la namna hiyo hukatwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na tangu kaka yake afariki, aliyeshika upande wa pili alikuwa Fosca mwenyewe. Desturi ya wachonga mawe ni kwamba mmoja akisimama, wote wawili husimama, awe nani awe nani.

Walivuta kidogo, Fosca akasimama.

"Shemeji, jiwe hili lina ufa ndani. Nausikia. Tukiendelea litaangukia nyumba yangu, nami sina nyingine."

"Vuta, Fosca. Ni amri ya Kapteni."

"Kapteni simjui hapa. Hapa namjua mwenzangu wa msumeno, na mimi nimesimama."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Uso ukamwiva. Akawageukia watu wamuunge mkono, nao wakatazama viatu vyao. Basi akaanza kuvuta peke yake. Jiwe likaguna, likaubana msumeno, na kipande chake kikaporomoka mpaka kwenye paa la Fosca, kikavunja dohani ya kutolea moshi. Ugolino akaachia mpini. Wangevuta wote wawili, jiwe zima lingeshuka.

Alikaa chini akalia mbele ya kadamnasi, na mimi humpenda zaidi kwa machozi yale kuliko kwa minara yote.

"Miaka yote hii mmeniacha nivute peke yangu," alisema. "Nipeni mwenzangu mwenye nguvu sawa na zangu, anizuie. Na mtuondoe mapema, kabla hatujazoea kusifiwa."

Wakamchagua Fosca, na Ugolino akamjengea upya dohani yake kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu hapo mpaka leo tuna Makapteni wawili. Mmoja akikataa, jambo husimama, na baada ya nusu mwaka tunawaaga wote, wanarudi kwenye kazi zao. Tumezoea hivyo hata majumbani. Babu yenu alipokuja kwetu kuniambia ameamua tuoane, nilimjibu kwa lugha yetu ya mlimani, hii mnayoionea haya mbele ya wageni: "Umeamua na nani?" Akaenda zake. Kesho yake alirudi, na safari hii aliuliza.