Daraja Lililokatazwa Kutikisika

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa nyuma wamejibu kwa kupiga miayo.

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajajua kutambaa, palikuwa na mji juu ya kisiwa, na ng'ambo yake, upande wa bara, palikuwa na kijiji. Kati yao palipita mkono wa bahari, mwembamba lakini mkali, maji yakienda mbio hata samaki wanapita kinyumenyume. Watu wa mji walitaka daraja. Baraza la mji likakaa mwaka mzima kulitafutia jina. Mwaka wa pili likaandika barua ya kuomba ridhaa ya kijiji. Barua ikapakiwa kwenye mtumbwi, mtumbwi ukazama, na hapo ndipo Baraza lilipoona kwa macho yake kwamba daraja linahitajika.

Kazi akapewa Bi Zuwena wa kijijini, msokota kamba. Miaka mitatu yeye na wanawake wenzake walifukia makumbi ya nazi topeni, wakayafukua, wakayaponda po! po! po!, wakayasokota. Wakatoa kamba nne, kila moja nene kama paja la mtu. Zikafungwa kwenye minara miwili ya mawe, mmoja huku, mmoja kule, na mbao zikaning'inizwa chini yake. Daraja likakaa hewani, halina nguzo hata moja majini.

Watu walifurahi. Bi Zuwena hakutulia.

Asubuhi alivuka, adhuhuri akarudi, alasiri akavuka tena. Alikwenda peku, akilisikiliza daraja kwa nyayo. Akikaa, anainuka. Akila, anaacha. Majirani walimwuliza anatafuta nini, naye akawajibu kwamba angekijua asingekitafuta.

Siku moja yuko katikati ya daraja, wakaja wapagazi wanane na boriti mabegani, wanaimba wimbo wao wa kazi, wote wakikanyaga kwa mguu mmoja. Ndi! Ndi! Ndi! Daraja likaanza kubembea. Bembe. Beembe. Beeembe. Ubao ukachomoka ukaanguka majini, chubwi! Bi Zuwena akawafokea wanyamaze. Wimbo ukakatika, miguu ikapotezana, na daraja likatulia kama mtoto aliyepata ziwa la mama.

Basi akajua. Haukuwa uzito. Ulikuwa mguu mmoja.

Na zilibaki siku sita kufika sherehe ya kulifungua. Watu mia mbili wangevuka kutoka bara, wakiongozwa na kikundi cha ngoma cha Waridi, wote kwa hatua moja, kwa kuwa ndivyo alivyotaka Jumbe Makame, mkuu wa sherehe. Alikuwa anawafanyisha mazoezi uwanjani kila siku. Bi Zuwena akamwendea, akamweleza habari ya wapagazi tangu mwanzo hadi ubao.

Jumbe akamsikiliza, kidevu mkononi. "Sasa, Bi Zuwena, daraja lilianguka?"

"Halikuanguka, Jumbe."

"Basi shauri lako ni la nini?"

Hata hivyo hakuwa mtu wa kupuuza malalamiko. Aliandika amri kwamba siku ya sherehe daraja lisitikisike, akapiga muhuri, na nakala ikabandikwa kwenye mnara ili daraja lenyewe lijisomee.

Bi Zuwena hakutulia. Akaenda kwa Mwanapate, mwanawe wa pekee, kwa maana Mwanapate ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waridi, na ndiye ambaye angetangulia mbele kabisa.

"Mama, miaka kumi nawafundisha wakanyage pamoja," Mwanapate akamwambia. "Leo mji mzima unatutazama, wewe unataka wachechemee?"

Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Siku ya tano akakumbuka harusi moja. Waridi walialikwa, na Asumini, mahasimu wao wa kule mjini, wakaja bila kualikwa. Kila kikundi kilipiga ngoma yake, na hakuna mgeni aliyeweza kucheza hatua tatu bila kujikwaa.

Akavuka mpaka kwa Ghalia, kiongozi wa Asumini. Ghalia alikuwa amenuna tangu walipochaguliwa Waridi, na hakuamini macho yake. Akauliza tangu lini mama wa Mwanapate akaja kuwapa Asumini nafasi. Bi Zuwena akamweleza yote, akamwomba waingilie upande wa mji wakati Waridi wako katikati, wapige mapigo yao wenyewe, kwa nguvu zao zote.

"Na ukiwa umekosea?"

"Nitakuwa nimemwaibisha mwanangu bure."

"Na ukiwa hukukosea?"

"Nitakuwa nimemwaibisha vilevile," akasema Bi Zuwena. "Lakini atakuwa hai."

Siku ikafika. Waridi wakaingia darajani, Mwanapate mbele, amevaa vizuri kuliko bibi harusi. Ndi! Ndi! Ndi! Watu mia mbili, mguu mmoja. Bembe. Beembe. Mafundo yakalia kwiii. Beeembe. Jumbe Makame, naye yumo safuni, akawashika makarani wawili, makarani wakamshika yeye.

Mara, upande wa mji, taka-ti-taka! taka-ti-taka! Asumini hao. Ndi na taka zikagongana hewani. Mguu wa huyu ukaenda huku, wa yule kule. Mwanapate akapiga kelele wafuate ngoma yao, Ghalia akamjibu kwa wimbo ambao siwezi kuurudia mbele ya watoto. Safu ikavurugika, watu wakakanyagana. Daraja likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, lakini halikubembea tena. Wote wakafika. Jumbe alifika kwa magoti, na katika kumbukumbu za Baraza imeandikwa kwamba alivuka kwa unyenyekevu mkubwa.

Sherehe iliharibika. Ghalia hakuwa mtu wa kuficha aliyemwalika, na Baraza likakaa siku tisa, likaamua: Bi Zuwena asikanyage tena daraja lile. Mwanapate hakuhitaji siku tisa. Aliacha kusema na mama yake siku ileile.

Ikapita miezi saba. Waridi wakaitwa harusini mjini, wakavuka peke yao, wanapiga ngoma yao. Katikati, Mwanapate akausikia ule mguu mmoja. Ubao ulishuka chini ya mguu wake, ukarudi, ukapanda juu zaidi. Akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Wakasimama mpaka daraja likatulia, kisha akawaambia wavuke mmojammoja, kila mtu na mwendo wake.

Yeye hakwenda harusini. Alirudi kijijini, akamkuta mama yake anasokota. Akashika ncha ya pili ya kamba.

"Nimeusikia, mama."

"Kaza," akasema Bi Zuwena. "Inalegea upande wako."

Tangu hapo ngoma haipigwi darajani, na harusi huvuka kimya, kila mtu na mguu wake. Baraza nalo liliondoa katazo lake, baada ya vikao kumi na vinne. Wakati huo Bi Zuwena alikuwa na miaka mitatu kaburini. Barua ya kumjulisha kwamba sasa anaruhusiwa kuvuka ililetwa nyumbani kwake, na Mwanapate ndiye aliyetia kidole kuipokea.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mtu asiyetulia msimcheke mpaka mmemwuliza amesikia nini. Na akiwajibu, msimpe muhuri, mpeni sikio. Hadithi yangu imefika ng'ambo, inaishia hapo. Mkiinuka, msiinuke kwa mguu mmoja.