Jembe la Senkondo

Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno haya, nanyi mmeniuliza yametoka wapi. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa mimi.

Methali hii ilianza hivi. Katika milima ya Upare aliishi mjane aitwaye Nakiete. Macho yake yaliingia ukungu, mwishowe akawa haoni kitu. Wengine walisema hata mbele yake kwamba kuliko kuishi vile, heri Mungu angemchukua. Nakiete alisikia, akaendelea kusaga mahindi yake.

Bondeni, ng'ambo ya mto, alikuwako mganga mwenye sharti moja: hakumpokea mgonjwa asiyebebwa kwa machela na watu wake. Kijiji kilipeleka mgonjwa mmoja tu kila mwaka, kabla ya masika, kwa kuwa baadaye mto haukuvukika. Mwaka huo wazee walipima hali za wagonjwa wote, wakaona Nakiete ndiye wa kuhurumiwa kuliko wote.

Miongoni mwa wabebaji alikuwa Senkondo, kijana wa mabega mapana. Mkewe alikuwa amefariki katika uzazi, pamoja na mtoto. Watu walimsifu kwamba amejikaza, maana hakulia.

Asubuhi ya safari mawingu yalikuwa yamefunga mlima. Machela ikawekwa mlangoni. Nakiete akaipapasa miti yake, asipande. Mzee Mrutu, kiongozi wa safari, alitazama juu kwa wasiwasi.

"Mama, panda. Mto hautatungoja."

"Sipandi. Mlazeni Senkondo."

Mbebaji mmoja akacheka. "Dume zima hilo? Litatuvunja mabega bure."

Nakiete hakumjali. "Senkondo, mwanangu, jana uliniletea jembe lako ukasema nikae nalo. Mvua hii utalima kwa jembe gani?"

Kicheko kikakatika. Jirani mmoja akasema polepole kwamba yeye naye alipewa na Senkondo kuku wake wote, akadhani ni ukarimu.

"Mimi nikiamka nangoja jogoo awike," Nakiete akasema. "Nasaga, nawasikiliza mkigombana, nacheka. Huyu hangoji kitu tena. Mnanililia mimi, na mwenye kuzama mmempa machela abebe. Heri kufa macho kuliko kufa moyo."

Mzee Mrutu akamshika Senkondo mkono, akamlaza kama mtoto. Walipomwinua, kijana yule akajifunika uso, akalia kwa mara ya kwanza. Wakateremka mbio, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

Wabebaji walirudi wakiwa wameloa. Walisema wamemwacha kwa mganga akiwa hai, na zaidi ya hapo hawakujua. Kisha mto ukajaa. Masika yote hakuna habari iliyovuka. Kila Nakiete aliposikia maji yakinguruma aliacha kusaga, akamwomba Mungu, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kuhakikisha jembe bado liko. Watu waliolihitaji kwa palizi aliwanyima.

Mto ulipopungua, siku moja alisikia hatua nzito uani. Zikasimama.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Nimefuata jembe langu."

Nakiete hakuona tena mpaka alipofariki, kwani mwaka uliofuata mganga yule hakuwapo tena duniani. Lakini mashamba yake yalilimwa kila msimu na Senkondo, naye Nakiete alikaa ukingoni akimkosoa mistari kwa kusikiliza jembe. Waliopita njiani hawakusema tena kwamba Mungu angemchukua. Walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo.