Matairi ya Diwani Mhando

Barabara ya Kwamsosi ilikarabatiwa mara tatu, zote kwenye makaratasi ya Diwani Mhando. Mashimo yalipoanza kumrusha hata yeye, akampelekea Kidawa, fundi matairi wa kijiji, pikapu yake pamoja na matairi mapya yanayomfika mtu kiunoni.

“Nifungie haya. Nataka niyapite mashimo kama siyaoni.”

“Mheshimiwa, si bora yafukiwe?”

“Bora ufunge mdomo, au nikivunje hiki kibanda chako.”

Kidawa akafunga mdomo, akafunga na matairi. Diwani akaondoka kwa mbwembwe. Kwenye shimo la kwanza, pikapu ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Akarudi amefura.

“Ndivyo yalivyo makubwa, Mheshimiwa,” Kidawa alisema kwa unyenyekevu. “Yakirushwa kidogo tu yanasugua bodi. Yanataka barabara tambarare.”

“Basi nirudishie yale madogo!”

“Sasa hivi. Ila kijiji kizima kimeshayaona haya. Watasema yamekushinda.”

Diwani akatoa simu, akaagiza kifusi.

Wiki ile malori ya kifusi hayakupumzika, na Diwani mwenyewe alisimama juani akihimiza vibarua washindilie vizuri. Kazi ilipokwisha, Kidawa aliomba aikague pikapu mara moja tu. Akaingiza mkono juu ya tairi moja la mbele, kisha la pili, akachomoa vipande viwili vya kandambili alivyokuwa amevikaza pale, akavitia mfukoni.

“Jaribu sasa, Mheshimiwa.”

Pikapu ikaenda na kurudi kimya. Diwani akachungulia dirishani, akitabasamu.

“Unaona? Mimi nilijua tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa barabara.”