Pete ya Mchi wa Bibi Esha

Mlioketi mbele na mliosimama mlangoni, nina watu watatu na kitu kimoja.

Wa kwanza ni Bibi Esha wa Nachingwea, aliyejaliwa kutunza. Kijiko kikiingia nyumbani mwake hakitoki, na umri wa kila chombo anaujua kama umri wa wanawe. Wa pili ni mwanawe Chande, fundi wa kukereza, aliyejaliwa mkono. Miguu minne ya kitanda ikitoka kwenye mashine yake, huwezi kusema upi ulitangulia. Wa tatu ni Sikudhani, mshona nguo wa sokoni, aliyejaliwa jicho. Akikutazama mara moja ukipita, gauni atakalokushonea halitakubana wala kukupwaya. Kitu chenyewe nitakitaja kikifika.

Katikati yao yuko Somoe, mjukuu wa Bibi Esha, mpwa wa Chande, shoga wa Sikudhani. Somoe ni mwalimu wa hesabu, na wiki tatu kabla ya harusi yake alikuwa hana raha kwa sababu ya pete. Si pete yake. Yake ilikuwa tayari kabatini. Ilikuwa ya mchumba wake, Mfaume.

Mfaume ni fundi umeme katika kiwanda cha kubangua korosho. Dhahabu hakuitaka, maana dini yake inamkataza mwanamume kuivaa. Fedha aliipenda, lakini kiwandani kwao madini hayaruhusiwi kidoleni. Kwanza hupitisha umeme. Pili hunasa: mwaka juzi mwenzao mmoja aliruka kutoka ngazini, pete ikanasa kwenye bolti, yeye akafika chini na kidole kikabaki juu. Kwa hiyo Mfaume alisema atavaa pete jioni na kuivua asubuhi, kama wenzake.

"Kama wenzako," Somoe alirudia.

Baba yake Somoe alikuwa dereva wa lori la Songea. Kila safari pete yake aliiacha kwenye dashibodi, akisema usukani unaikwaruza. Alipofariki, siku ya tatu ya matanga aliingia mwanamke mgeni na watoto wawili wenye pua ileile ya marehemu. Mwanamke yule hakuwa amewahi kuona pete kwenye kidole cha mume wake. Somoe, akiwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyempa maji ya kunywa. Tangu siku hiyo aliweka sharti moja: mume wake atavaa pete asiyoivua, hata kazini, au yeye haolewi.

Aliandika kwenye daftari mambo manne. Isiwe dhahabu. Isipitishe umeme. Isivunjike kwa kazi za kila siku. Na ikinasa, ife yenyewe, kidole kibaki. Akajaribu pembe ya ng'ombe, ikanuka ilipolowa. Akajaribu kifuu cha nazi, kikameguka kilipoanguka sakafuni. Akamwonyesha Mfaume pete ya mpira kwenye simu, naye akacheka, akasema hiyo ni ya kufungia mfuko wa karanga. Likabaki wazo la mpingo. Mjomba Chande akamwambia kwamba mpingo uliokatwa jana utapasuka kabla fungate haijaisha. Anataka uliokauka miaka mingi, na yeye hanao.

Bibi Esha alikuwa nao. Ulisimama jikoni kwake, nyuma ya mlango: mchi wa mpingo aliochongewa na marehemu mumewe mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza. Miaka arobaini na sita. Somoe alikwenda kuuomba, akaambiwa hapana. Akarudi kesho yake, akaulizwa kama anataka bibi yake atwange kisamvu kwa kiwiko. Siku ya tatu hakwenda, ameona haya. Jioni mchi ukaletwa umefungwa kwenye kanga, na ujumbe: "Mke mwenza, mwambie fundi akate chini. Juu pana alama za mikono yangu."

Chande akakata chini, akakuta ufa mrefu. Sehemu nzima iliyobaki ilikuwa shubiri moja. Mpingo mkavu kiasi hicho ni kama jiwe. Ulimharibia patasi tatu. Pete ya kwanza ilipasuka, na ya pili pia. Ya tatu aliikereza kwa tupa kuukuu aliyoinoa mwenyewe, siku mbili nzima, akisimama kila mara kuacha mti upoe. Ilipotoka ilikuwa nyeusi, upana wa milimita nane, inang'aa bila kupakwa chochote. Somoe aliipima kwa rula na hakupata kosa.

Ila sharti la nne halikutimia. Pete ile ilikuwa ngumu mno. Ikinasa, kitakachokubali kushindwa ni kidole.

Sikudhani aliigeuzageuza mkononi, akauliza kwa nini uzi wa nguo hufanywa dhaifu kuliko kitambaa. Hakungoja jibu. Akaeleza kwamba gauni likinaswa na msumari, fundi mwema anataka mshono ufumuke, kwa sababu mshono hushonwa tena na kitambaa kilichochanika hakiponi. Basi pete ikatwe vipande viwili, itobolewe ncha zake, ishonwe.

Chande alikasirika. Alisema hajaharibu patasi tatu ili kazi yake ikatwe kama muhogo. Somoe naye alisita, kwa sababu zake. Pete inayofunguka aliijua. Ilikaa kwenye dashibodi.

Lakini hesabu ni hesabu. Chande akaikata kwa msumeno mwembamba na kuitoboa, huku amenuna. Sikudhani akaishona kwa uzi mweusi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki, kisha wakaining'iniza na kufungia ndoo chini yake, Somoe akimimina maji kopo kwa kopo. Mizunguko saba ya uzi ilibeba ndoo nzima. Mizunguko mitatu ilikatika mapema mno. Mizunguko mitano ilivumilia makopo manane, na kwenye la tisa ikaachia. Somoe akaandika: mitano. Msimamizi wa kiwanda naye akajaribu kwa mkono wake, akairuhusu.

Harusi ikafungwa, Mfaume akavishwa, na kwa miezi minne hakuivua.

Mwezi wa tano alikuwa anashuka kutoka kwenye mtambo, mguu ukateleza kwenye ngazi. Pete ya mkono wa kushoto ikanasa kwenye bolti, uzito wote ukaning'inia hapo. Kisha uzi ukakatika. Alianguka chini akiwa na michubuko ya goti, na vidole vyote kumi vipo. Vipande viwili vya pete walivitafuta kwenye maganda ya korosho mpaka wakavipata.

Habari zilimfikia mama yake Mfaume, Bi Sharifa, ambaye mumewe alikuwa na mkono mmoja kwa ajali ya kinu. Hakulia. Alivua puani kipini chake cha fedha, alichoachiwa na mama yake, akakiweka kwenye kiganja cha Somoe. Hicho ndicho kitu nilichowaahidi.

"Mpe aliyekiokoa kidole cha mwanangu," alisema. "Mmoja, mama. Kipini hakivaliwi pua tatu."

Somoe aliwaita watatu wale. Alidhani kila mmoja atamwachia mwenzake, kwa adabu. Bibi Esha akasema uzi uko kila duka na mafundi wako kila kichochoro, lakini mchi wa miaka arobaini na sita uko duka gani? Chande akajibu kwamba mchi huo ulisimama nyuma ya mlango miaka yote hiyo, haukuokoa hata ukucha. Na kipini anakitaka, ampe mkewe, kabla hajafukuzwa nyumbani kwa ajili ya patasi tatu. Sikudhani akasema wangemwacha yeye nje, leo wangekuwa wanazika kidole pamoja na pete nzuri sana.

"Wewe ulileta uzi," Bibi Esha alimwambia. "Hata panya ana uzi."

"Nilileta uzi unaokatika, bibi. Huo panya hana."

Somoe aliwasikiliza, akashindwa kuamua. Bibi alitoa kitu kisichopatikana tena, ila alitoa baada ya kukataa mara mbili. Chande alitoka jasho kuliko wote, ila angeachiwa yeye, pete isingekatwa. Sikudhani alitoa kidogo kuliko wote, na kidogo hicho ndicho kilichokatika.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mfaume ameketi kwenye mkeka, goti limefungwa bandeji, vipande viwili vya pete vimo kwenye leso mbele yake. Chai ilikuwa inapoa.

"Kunywa kwanza," Somoe alisema.

"Nipe uzi kwanza. Mizunguko mingapi vile?"

"Mitano," alisema Somoe, na sauti yake ilikuwa ndogo. Akamshikia vipande, kipini cha mama mkwe kikiwa bado kwenye kiganja chake kingine.

Kesho Bi Sharifa atakuja kuuliza kimekwenda wapi. Haya, nyoosha mkono. Sasa nakiweka kwako. Mti, mkono, au uzi: wewe utakichomeka pua ya nani?