Sikio la Namkunda na Kapu la Udongo

Hapo zamani, kabla sufuria hazijapanda milimani kwetu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, na kijijini hapo palikuwa na mwanamke aitwaye Namkunda, na mwanamke huyo alikuwa na sikio. Msinicheke. Masikio mnayo nyote, lakini hamna kama lile. Chungu kikitoka motoni, Namkunda alikigonga kwa kidole, ko, akainamisha kichwa, akasema, "Kizima." Au akasema, "Kina ufa, kakivunjieni mbali." Ufa wenyewe jicho halikuuona. Hakuna mwanamke aliyeshusha chungu sokoni kabla Namkunda hajakigonga.

Siku moja sikio likaziba. Tena la kulia, lile la vyungu. La kushoto lilikuwa la kusikilizia watu tu. Akagonga chungu, akasikia kama mtu anayeongea huku kajifunika blanketi. Siku ya soko ilikuwa inakaribia, vyungu vimejaa uani vinamsubiri. Hofu ikamshika. Akajificha nyuma ya banda la kuku, akaokota unyoya, akachokoa kwa upande ule mgumu. Akachokoa, nta ikagoma. Akachokoa tena, nta ikagoma. Akachokoa mara nyingine, chwi! Maumivu yakampanda hadi kwenye meno, na unyoya ukatoka na damu. Akaona haya, akaufukia majivuni, akarudi uani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wifi yake, Nakiete, akamwona kashika shavu.

"Wifi, una nini?"

"Sikio limeziba."

"Hilo tu? Tutatia mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu, matone machache, ulale ubavu. Nta itatoka yenyewe. Ila niambie kweli, umechokoa? Sikio lenye kidonda halitiwi kitu."

"Sijachokoa," akasema Namkunda.

Nakiete akaona kidoa chekundu chini ya sikio. Lakini nani pale hakuwa na kidoa chekundu? Udongo wao wa kupaka vyungu ulikuwa mwekundu. Akakifuta kwa kidole, basi.

Mume wa Namkunda, Mbonea, akaambiwa apashe mafuta. Akayatia kwenye kigae, akakiweka juu ya makaa. Mara mbuzi wake wawili wakashikana pembe, akakimbia kuwaachanisha. Akavuta huyu, akavuta yule, wakamshinda. Mafuta yakabaki pale yakipata moto na kuzidi kupata moto. Aliporudi akakinyanyua kigae kwa majani, akasema, "Haya, tayari."

"Lete nipime," akasema mama yake, Navoneiwa.

Kumbukeni, mama huyu alitoa vyungu motoni kwa mikono mitupu tangu Mbonea hajazaliwa. Makaa aliyahamisha kwa vidole huku akipiga soga. Viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko nyayo zangu. Akadondosha tone kiganjani, akasema, "Mbona yamepoa haya? Mtie."

Nakiete akatia. Yowe alilopiga Namkunda, hata wale mbuzi waliachana wenyewe!

Mganga akaitwa kutoka kilima cha pili. Akatazama, akaguna. "Ngozi ya ndani imetoboka, tena imeungua. Sasa msitie kitu. Si mafuta, si maji, si dawa ya jirani. Likae kavu. Huenda likapona."

Namkunda akalia. Hakulilia maumivu, alililia lile "huenda".

Sasa, desturi ya hapo ilikuwa hivi: aliyemuumiza mwenzake, hata kwa bahati mbaya, humbebea udongo kutoka bondeni mpaka apone. Kapu hubebwa na mmoja, kwa sababu walipojaribu kugawana, kila mtu alidhani zamu ni ya mwenzake. Na aliyeumia ndiye humkabidhi kapu mwenye kosa. Kilima chenyewe kilikuwa kirefu, cha kutetemesha magoti.

Kapu likawekwa katikati ya ua. Wakaangaliana.

Nakiete akasema, "Mimi nilisema ya uvuguvugu. Tena niliuliza. Mpeni aliyepima."

Navoneiwa akasema, "Mimi nilipima. Mpeni aliyepasha."

Mbonea akasema, "Mimi nilipasha, na cha moto kikiachwa hupoa. Mpeni aliyetia. Halafu mwanamume hagusi udongo, vyungu vitapasuka, mnajua wenyewe." Mwanamume akitaka kukwepa mzigo, desturi zote huzikumbuka!

Namkunda akawasikiliza kwa lile sikio la watu. Angeweza kunyamaza. Unyoya ulikuwa majivuni, na majivu hayasemi. Lakini akamwona mama mkwe wake akigeuzageuza viganja vyake, machozi yanamlenga, na moyo ukamchoma kuliko sikio.

"Nilichokoa," akasema. "Kwa unyoya. Damu ilitoka. Nilikudanganya, wifi."

"Damu niliiona," akasema Nakiete polepole. "Nikaiita udongo. Mimi ninayejua masikio, sikuangalia mara ya pili. Nipeni kapu."

"Yalikuwa yanafuka moshi," akasema Mbonea. "Niliona, nikanyamaza, nisiambiwe nimechezea mbuzi. Nipeni mimi, vyungu vipasuke vikitaka."

"Nyamazeni nyote," akasema Navoneiwa. "Mikono hii haisikii moto miaka mingi, nami najua. Niliona aibu kusema kwamba mkono wangu umekufa. Mwanangu, kapu ni langu."

Basi, kapu walilokuwa wakilisukuma, sasa wakaligombea! Huyu kashika kishikio, yule kashika kitako, mzee kalikumbatia.

Namkunda akawanyang'anya. Akamtazama wifi yake. Akamtazama mumewe. Akamtazama mama mkwe wake na viganja vyake. Kisha akatazama kidole chake mwenyewe, kile kilichoshika unyoya.

Sikio lilipona, tena kabla ya mvua, msiwe na wasiwasi. Lakini siku ile hakujua kama litapona, na kapu lilikuwa mikononi mwake, na wote watatu walikuwa wamenyoosha mikono. Nanyi mnaonitazama hivyo, semeni: kapu lile alistahili nani?