Tiketi Isiyokatika kwa Uzi

Sogeeni karibu, na mwenye karanga mfukoni azitoe sasa, maana hadithi ya kula haisikilizwi kwa tumbo tupu. Leo siwaletei jibu. Nawaletea kazi, na ikiwashinda msije mkanilaumu, hata mimi nimeikuta hivyo hivyo.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Morogoro, wote wajane, wote wameshavuka miaka sitini, wakikaa nyumba za jirani kule Mji Mpya. Mji mzima uliwaita Kamati ya Kuonja. Popote penye turubai, spika na binti mwenye fulana ya kampuni anayegawa kitu kwenye vikombe vidogo, Kamati ilikuwa imeshafika, imeshaonja, na imeshauliza kama kuna cha kubeba nyumbani. Mtindi, viungo vya pilau, sabuni ya unga, soseji iliyokatwa vipande na kuchomekwa vijiti, mafuta ya kupikia ambayo wenyewe huyakaangia vitumbua hapo hapo ili umma uamini: vyote walivijua. Msiwafikirie vibaya, hawakuwa omba omba. Walipenda tu kitu kidogo kinachotolewa kwa tabasamu, na zaidi ya hapo walipendana.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Bi Kidawa, mzaliwa wa Bagamoyo, alikuwa na masikio. Angekaa barazani akichambua mchele, huku anapiga soga na wewe, na bado akasikia walichonong'ona watu wa nyumba ya tatu. Habari ya kitu cha bure ilimfikia kabla wenye kitu hawajaafikiana kukitoa.

Mama Tekla, Mluguru wa Matombo, alikuwa na miguu. Si ya kukimbia, ya kusimama. Akishaingia kwenye foleni hapitwi, si kwa ujanja wala kwa mabavu. Mwaka mmoja alisimama tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa ajili ya mwavuli mmoja wenye nembo ya dawa ya mbu, na mwavuli akaupata.

Bi Nyamizi, Mnyamwezi wa Urambo aliyekuja Morogoro kumfuata mumewe fundi wa kiwandani, alikuwa na ulimi. Wala si wa maneno, maana maneno yake yalikuwa machache. Ulikuwa ulimi wa kuonja. Mabinti wa promosheni walimwogopa tangu siku aliyoonja juisi ya embe mbele ya watu ishirini, akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, na embe lenyewe liko wapi?"

Walikuwa na sheria moja. Cha bure kinakatwa mara tatu, sawasawa, kwa uzi. Kidawa alifunga kidonge cha uzi mweupe kwenye pindo la khanga, na hakutoka nyumbani bila hicho. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi. Mkate ulikatwa kwa uzi. Siku walipopewa kipande cha keki kisichozidi kiganja, walikaa chini palepale kwenye ngazi za duka, wakakikata kwa uzi, watu wakipita na kucheka. Kisichokatika, kama ule mwavuli, walipokezana wiki kwa wiki. Kwa miaka kumi na mmoja hawakuwahi kugombana, nami najua ndugu wa tumbo moja walioshindwa kugawana kuku.

Sasa shikeni na hili. Kila mmoja alikuwa na safari yake moyoni.

Kidawa alikuwa na mjukuu Songea, somo wake, kapewa jina lake tangu siku ya saba. Mtoto ana miaka miwili na bibi hajawahi kumbeba, anamwona kwenye simu tu. Tekla hajawahi kulala mahali ambapo akiamka haoni milima ya Uluguru. Alitaka siku moja afike Mwanza alitazame ziwa. "Nijue kama kweli maji yanaweza kukosa ng'ambo," alizoea kusema, akicheka, lakini alilisema kila mwaka. Safari hizo mbili kila mtu alizijua.

Safari ya Nyamizi hakuijua mtu. Dada yake Kalunde, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa bado Urambo na macho yake yalikuwa yanakwisha. Majuma mawili nyuma alikuwa amempigia simu. "Mdogo wangu, njoo ningali naona," alisema. "Ukichelewa nitakupapasa uso tu." Nyamizi alikata simu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Hakuwaambia wenzake, kwa sababu aliwajua. Wangeuza hata masufuria ili aende.

Basi. Ikaja kampuni mpya ya majani ya chai, Chai Kilele. Gari lao lilizunguka mji mzima likitangaza: Jumamosi, Soko Kuu, njoo uonje, njoo ushinde. Zawadi kubwa ilikuwa tiketi ya kwenda na kurudi, mji wowote nchini, na malazi juu yao.

Ijumaa mchana Kidawa alikuwa kwa fundi cherehani. Cherehani inaunguruma, redio inaimba, wateja wanne wanabishana kuhusu vitambaa. Nje, dereva wa lile gari alisimama akizungumza kwa simu. Kidawa akainua kidole, fundi akanyamaza, na katikati ya kelele zote hizo akaokota maneno haya: sokoni nafasi imekosekana, tunahamia kiwanja cha nyuma ya stesheni, namba ni thelathini tu. Hakumalizia hata kujaribu gauni. Jumamosi nusu ya mji ilikwenda kusubiri sokoni, na mpaka leo kuna wanaoamini kuwa promosheni ile haikufanyika.

Tekla alifika kiwanjani alfajiri. Hata hivyo alikuta watu arobaini na zaidi mbele yake, majirani wa pale waliokuwa wameona turubai likifungwa. Akasimama. Goti la kushoto likaanza kuvimba, akasimama. Saa tatu mvua ikashuka, ile ya Morogoro isiyobisha hodi, watu wakakimbilia chini ya paa la ghala. Tekla alijifunika khanga kichwani na kubaki mahali pake. Mvua ilipokatika, waliokimbia wakataka kurudi kwenye nafasi zao. Mlinzi akasema foleni ni ya waliosimama. Namba ya mwisho, ya thelathini, ilitua kwenye kiganja cha Tekla huku maji yakimchuruzika hadi kwenye ndara. Akaikabidhi kwa Nyamizi, maana mwenye namba aliruhusiwa kuleta mwonjaji. "Mimi chai zote naona moto na sukari," alisema. "Kazi kwako, shoga."

Mchezo ulikuwa hivi. Unaonjeshwa Chai Kilele, kisha unafungwa kitambaa machoni, unapewa vikombe vitano, useme kipi ndicho Kilele. Ishirini na tisa walikwishapita na kukosa. Nyamizi akafungwa kitambaa, na katika lile giza, kabla hajashika kikombe, akamfikiria Kalunde. Kisha akaonja. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akarudia cha pili. Akaonja cha nne, akakaa sana kwenye cha tano.

"Haya bibi, kipi chetu?" mshereheshaji aliuliza kwenye maiki.

"Cha pili," alisema Nyamizi. "Na cha tano."

Watu wakaangua kicheko. "Bibi yangu, jibu ni moja. Chagua."

"Siwezi kuchagua kati ya kitu na kitu hicho hicho. Birika ni moja."

"Bibi, vikombe vitano, chai tano. Chagua, au tukushukuru kwa kuja."

"Nishukuru basi, mwanangu. Lakini chai hapa ni nne."

Mshereheshaji alikuwa ameshaanza kumfungua kitambaa pale mama aliyekuwa akimimina alipoinua mkono, uso umemshuka. "Kaka, ngoja kwanza. Kweli. Cha tano nimekosea birika." Mshereheshaji akamtangaza Nyamizi mshindi. Halafu Kidawa akapiga kigelegele ambacho nadhani Songea walikisikia.

Hapo ndipo furaha ilipokutana na fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Na gari la kampuni lilikuwa linaondoka baada ya nusu saa, likiondoka na fomu.

Najua kuna mjanja hapo nyuma ameshafungua mdomo. Wauze? Haiuzwi. Wabadilishiwe fedha wagawane? Waliuliza, wakakataliwa. Wapokezane, mmoja mwaka huu, mwingine mwakani? Tiketi ni moja, safari ni moja, jina likishaandikwa halifutwi. Funga mdomo, ule karanga.

Walikaa kwenye benchi chini ya turubai, vikombe vya chai mikononi. Kidawa, kwa mazoea tu, alifungua pindo la khanga akatoa uzi. Akautazama. Wakacheka wote watatu.

"Apewe Nyamizi," Tekla alianza. "Ulimi wake ndio ulioshinda, watu wote wameona."

"Ningeonja nini bila namba?" alijibu Nyamizi. "Wewe ndiye uliyelowa."

"Na mimi ningelowa wapi?" Tekla akasema. "Sokoni, na wale wengine. Kidawa ndiye aliyetuleta hapa."

"Mimi nimesikia tu," Kidawa akasema. "Kusikia hakuvimbishi goti. Wacheni hayo. Figa moja haliinjiki chungu, na chungu hiki tumekiinjika watatu. Tatizo kimeiva chakula cha mtu mmoja."

Nyamizi aliitazama chai yake. Aliitaka safari ile kweli kweli. Neno moja tu lingetosha: dada yangu anapofuka. Angelisema, kalamu ingeletwa kwake kabla hajamaliza, na Tekla angelia, na Kidawa angemgombeza kwa kuficha. Lakini Kidawa angerudi nyumbani kumtazama somo wake kwenye simu, na Tekla angeendelea kuamka na milima ile ile, tena na goti bovu juu yake. Aliona kulisema neno lile hapo, kwa wakati ule, ni sawa na kuinyakua tiketi mikononi mwa watu wasioweza kumnyima. Akanyamaza. Akajiona mwema, halafu mara moja akajiona mjinga, halafu akamwonea huruma Kalunde.

"Tupige kura," alisema Kidawa. "Ya siri. Kila mtu aandike jina moja, na jina litakaloongoza ndilo hilo, hakuna kununa."

Wakachana pakiti tupu ya majani ya chai vipande vitatu. Nyamizi aligeuka upande kuandika. Mkono ulisita juu ya karatasi, na nawaambieni ukweli, ulisita sana. Hakuna ambaye angejua. Mtu kujiandika mwenyewe si dhambi. Alimwona dada yake mlangoni, mikono mbele, anatafuta uso wa kupapasa. Kisha akaitazama ndara ya Tekla, iliyokuwa bado inatoa maji, na akaandika jina la Tekla.

Vipande vikakunjwa, vikatiwa kwenye kikombe. Kidawa akavifungua kimoja kimoja mapajani.

Tekla alikuwa amemwandika Kidawa.

Kidawa alikuwa amemwandika Nyamizi.

Na Nyamizi, mmeshasikia.

Moja, moja, moja. Kidawa alivitazama vile vipande, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mwishoni hayakuwa tena ya kicheko. "Jamani," alisema, "hata kura tumeikata kwa uzi!"

Wakashikana mikono, Nyamizi akiwa katikati. Aliwapenda wale wanawake wawili kuliko alivyoweza kusema, na hilo ndilo lililozidi kumfunga mdomo.

"Mabibi zangu, dakika tano!" mshereheshaji alipita akisema. Gari lilikuwa limeshawashwa. Na kwa kuwa Nyamizi ndiye aliyeonja, fomu ikawekwa kwenye mapaja yake, kalamu ikawekwa mkononi mwake.

Hapo ndipo nilipoikuta hadithi, na hapo ndipo ninapoiacha. Nimeisimulia msibani, nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwenye benchi la zahanati, na kote nimeacha watu wanabishana. Wenye wajukuu walio mbali wanasema bila masikio kusingekuwa na safari. Waliosimama sana maishani mwao wanasema mvua ndiyo iliyolipia tiketi. Na wale wenye ndugu wanaowasubiri hawasemi kitu, wananitazama tu.

Masikio, miguu na ulimi. Mjukuu, ziwa na dada. Wawili wamesema safari zao, mmoja amemeza yake, na gari linanguruma.

Haya, we mwenye karanga, uliyekuwa mjanja tangu mwanzo. Kalamu nakupa wewe. Mstari ni mmoja. Ungeandika jina la nani?