Maziwa ya Siku Kumi na Tisa

Imetufikia kwa vinywa vya watu waaminifu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wadi Sidri aliishi mama mmoja mcha Mungu aitwaye Umaima bint Rabah. Alikuwa mjane, mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, na hakujulikana kwa maneno mengi. Watu walimheshimu kwa jambo jingine pia. Mtoto wake wa pekee alifariki angali mchanga, na katika siku zile zile mke wa Amiri Hazim, mtawala wa mji, alifariki baada ya kujifungua mwana. Umaima akamchukua yatima huyo na kumnyonyesha miaka miwili kamili. Jina lake Laith. Alipokua alimwita Umaima Mama, na kila alipoingia mahali alipo alimbusu mkono kabla ya kumsalimu baba yake, na Amiri hakuchukia.

Baina ya watu wa mji huo na Banu Dirar, kabila la milimani, palikuwa na uadui wa miaka thelathini. Asili yake ilikuwa malisho, lakini ilifika siku hakuna aliyeyakumbuka malisho tena. Walikumbuka makaburi tu. Basi Kadhi wa mji, Shekhe Mundhir, akatumia miaka miwili kwenda na kurudi baina yao hata akawapatanisha, na suluhu hiyo ikafungwa kwa ndoa. Laith akamwoa Jumana, binti wa Shekhe Ghassan, mkuu wa Banu Dirar.

Siku ya harusi Umaima hakuwapo. Alikuwa amekwenda Hija, na safari za zama zile zilichukua mwaka na zaidi. Aliporejea alimkuta Jumana ana mimba ya miezi sita, na wanawake wa pande mbili wanachota maji kisima kimoja, jambo ambalo hakupata kuliona tangu usichana wake. Laith akambusu mkono, akasema, "Mama, nilikuwa nakungoja. Sitaki mke wangu auguzwe na mtu mwingine ila wewe, mpaka Mungu amjaalie ajifungue."

Umaima akahamia katika nyumba ya Amiri, akampenda yule binti tangu siku ya kwanza.

Alasiri moja alikuwa akimkanda Jumana miguu kwa mafuta ya ufuta. Hamdana, shangazi yake Jumana aliyemlea na kufuatana naye kutoka milimani, alikuwa ameketi kando akishona nguo ya mtoto. Jumana alikuwa na hofu ya mimba ya kwanza. Akauliza ingekuwaje kama asingepata maziwa.

Hamdana akacheka. "Mama yako alikaukiwa, na wewe huyu hapa."

"Uliniambia nilipewa maziwa ya mbuzi."

"Mbuzi yupi, mwaka ule wa ukame? Mbuzi walikwisha wote. Nilisema hivyo kwa ajili ya baba yako. Tulishuka kwenye visima vya Sawda, na hawa watu wa mjini, adui zetu wakati ule, walikuwa wamepiga mahema upande wa pili. Ulikuwa na siku saba. Tulikuwa tunakunyoa nywele za akika, mama yako akaanguka kwa homa, ukabaki nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haikunyolewa. Maziwa yakakauka. Mwanamke mmoja wa upande ule, ana mtoto mgongoni, akanikuta nyuma ya mwamba nalia nawe mikononi. Hakuniuliza kitu. Akakupokea, akakupa ziwa. Tukawa tunakutana pale asubuhi na jioni, siku kumi na tisa, mpaka mama yako akapona. Hakunitajia jina lake, wala mimi sikumtajia langu. Tuliogopa."

Mkono wa Umaima ulisimama juu ya mguu wa Jumana. Mafuta yakatiririka hadi mkekani.

"Mama, umechoka?" Jumana akauliza.

 Umaima aliuona ule mwamba. Alikiona kile kichwa kilichonyolewa nusu. Na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, akivuta ushungi wake na kulia kwa wivu, alikuwa Laith, ambaye wakati ule alikuwa bado hajaachishwa ziwa. Wote wawili walinyonya kwake. Kwa sheria ya Mwenyezi Mungu walikuwa ndugu, kama kwamba walitoka tumbo moja, na sasa dada alikuwa amelala mbele yake na mimba ya kaka yake.

Akainuka, akasema anakwenda kutawadha, akatoka akishika ukuta.

Kwa siku tatu hakumwambia mtu. Nafsi yake ilimwambia kwamba Hamdana hakumtambua, kwamba hakuna shahidi juu ya ardhi, kwamba akinyamaza watu wataendelea kuishi na akisema watu watakufa. Maneno hayo hayakuwa ya kijinga, na ndiyo maana yalimtesa. Lakini kila aliposimama kusali alijikuta hajui amesoma sura gani. Na kila Laith alipoingia na kuketi karibu na mkewe, Umaima aliinamisha macho, kwa kuwa aliona haramu na wenyewe hawaioni.

Siku ya nne akaenda kwa Kadhi, akamweleza yote.

Shekhe Mundhir alikuwa na kalamu mkononi. Akaiweka chini, akaiokota, akaiweka tena. Suluhu ile ilikuwa kazi ya uzee wake.

"Kwa nini hukulitangaza siku zile?" akauliza. "Mwanamke akinyonyesha, watu huambiwa, ili wajulikane ndugu."

"Niliogopa, Shekhe. Ningesema nimempa mtoto wa adui maziwa ya mwana wa Amiri, ningefukuzwa, na Laith angebaki hana ziwa. Nikadhani wema ukifichwa hauna madhara."

Kadhi hakutosheka na kauli yake peke yake. Alimwita Hamdana faragha, bila kumwambia sababu, akamwuliza habari za visima vya Sawda. Hamdana akataja mwamba, akataja siku kumi na tisa, akataja kichwa kilichonyolewa nusu. Ndipo Kadhi alipomfungulia mlango Umaima. Wanawake wale wakatazamana. Hamdana akakaa chini taratibu, pale pale alipokuwa, mkono mdomoni.

Habari ilipomfikia Amiri Hazim, aliwaondoa watu wote barazani akabaki na Kadhi, Umaima na Laith. Alisema kwa sauti ya upole, na upole wake ulitisha kuliko hasira.

"Mama Umaima, umri umekwenda. Safari ya Hija ilikuchosha. Sema umechanganya watoto, na sote tutakusamehe."

"Nimesahau mengi, bwana wangu," Umaima akajibu. "Hata sauti ya marehemu mume wangu siikumbuki tena. Lakini mtoto niliyempa ziwa siwezi kumsahau."

Amiri akamgeukia Kadhi. "Basi ngoja mpaka ajifungue. Miezi mitatu tu. Leo Banu Dirar watasema tumemtumia binti yao, tena tumemtoa akiwa na mimba. Damu itakayomwagika itakuwa shingoni mwa nani?"

 "Sijui, ewe Amiri," Shekhe Mundhir akasema. "Wallahi sijui. Kiti hiki ulinipa wewe, na ukikitaka nakurudishia sasa hivi. Lakini haramu hukuiweka wewe wala sikuiweka mimi, na sina ruhusa ya kuihalalisha kwa miezi mitatu, wala kwa saa moja."

Wakati huo wote Laith alikuwa amesimama. Akamtazama Umaima. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Ulikuwa mgongoni kwangu."

Laith akaketi sakafuni mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baadaye akasema, "Basi sitaingia tena chumbani kwake. Nani atakwenda kumwambia?"

 Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa na mwanawe, kabla ya Kadhi, na kabla yake yeye mwenye mji.

Aliyekwenda kumwambia Jumana alikuwa Umaima mwenyewe. Mwanzo Jumana alicheka, akidhani ni mzaha wa kumchangamsha. Kisha akauona uso wa shangazi yake mlangoni, kicheko kikakatika. Akatazama tumbo lake.

"Na huyu je?"

"Kadhi amesema ni mtoto halali wa baba yake, hana doa, na atamrithi. Hamkujua, na Mungu hamchukulii mtu kwa asilolijua. Ndoa ndiyo iliyobatilika, tangu leo."

Jumana akajifunika ushungi usoni. Hakula siku ile. Kesho yake adhuhuri Umaima alimletea uji, na Jumana akamwambia bila kujifunua, "Nilikuwa na mume, sasa sina. Nyumba hii ilikuwa yangu, sasa sijui ni ya nani. Na wewe? Wewe ni nani kwangu?"

"Mimi ni mama yako," Umaima akasema.

Hapo ndipo Jumana alipolia kwa mara ya kwanza.

Lakini habari hupanda milima haraka kuliko ukweli wake. Kwa Shekhe Ghassan ilifika hivi: binti yako ameachwa akiwa mjamzito na amefungiwa chumbani. Siku ya sita tangu hukumu, jua likipanda, watu wa mji waliona vumbi, na chini ya vumbi farasi mia tatu. Milango ya mji ikafungwa. Wanawake wakawaita watoto ndani. Amiri akatoa amri askari wapande ukutani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonya asisikilizwe.

Jumana akaomba mlango ufunguliwe. Akatoka kwa miguu, tumbo lake mbele, Hamdana na Umaima wakimfuata. Nyuma yao, kwa umbali wa hatua kadhaa, alitoka Laith bila silaha, macho yake chini.

Shekhe Ghassan akamwona binti yake, akasimamisha farasi. "Panda nyuma yangu," akasema. "Mengine tutayamaliza sisi."

"Sikuachwa, Baba. Hukufikishiwa maneno yote." Akamweleza, mbele ya watu wote. Hamdana akaongeza, "Nilikuficha, kaka. Hakukuwa na mbuzi. Mwanao aliishi kwa maziwa ya huyu mama."

Wapanda farasi waliokuwa karibu waligeukiana. Ghassan akamtazama Umaima kwa muda, kama mtu anayeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Ulijua ni mtoto wetu?"

"Nilijua. Alifungwa kwa shuka ya kabila lenu."

"Na hukuogopa watu wako? Mumeo alisemaje?"

"Sikuwa na mume tena, Shekhe. Aliitwa Salih, mchimba visima. Watu wako walimuua miezi minne kabla ya ukame."

Wanasema hata farasi walitulia. Kijana mmoja wa Banu Dirar aliyekuwa tayari amechomoa upanga aliurudisha alani polepole, akiona aibu kwa mlio wake.  Shekhe Ghassan akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mzee, "Na bado ulimpa?"

"Alikuwa na njaa," Umaima akasema.

Ghassan akashuka kwenye farasi. Akasimama ameshika hatamu, hajui aende mbele au arudi. Jumana ndiye aliyemwokoa na mkanganyiko ule. Alimwambia, "Baba, mlinileta hapa mke, na mke huachwa kwa neno moja. Sasa mimi ni dada katika mji huu, na dada haachwi. Ukipiga vita leo, unawapiga watu wa mama yangu."

Laith akainua macho kwa mara ya kwanza, akasema, "Mjukuu wako akikosewa, mimi ni wa kwanza kwenda kumtetea. Na dada yangu akikosewa, hata na baba yangu, mimi nipo mlangoni kwake." Amiri Hazim aliyasikia hayo kutoka juu ya ukuta. Akashuka, akatoka nje bila askari, akaenda hadi pale Ghassan aliposimama, wakashikana mikono, na hakuna aliyesikia walichosemezana.

Jumana alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo akalelewa miezi kadhaa milimani na miezi kadhaa mjini. Baada ya miaka miwili Jumana aliolewa na mfanyabiashara wa ngozi, mtu mwema. Laith alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza bibi harusi, akacheka na kula pamoja na watu. Kisha, wanasimulia, akarudi nyumbani akafunga mlango, na hakuonekana hadi sala ya Ijumaa. Umaima alifariki katika mwaka huo huo. Waliolibeba jeneza lake walikuwa watu wa mjini na watu wa milimani, wakipokezana.

Ndugu zangu waumini, hebu tafakarini. Hukumu moja ya Mola iliingia chumbani ikawatenga watu waliopendana. Ikaingia ndani ya nyumba ikamkalisha mwana sakafuni mbele ya baba. Ikaingia barazani ikamnyamazisha mtawala, ikatoka hadi mlango wa mji ikakutana na majeshi. Popote ilipoingia iliuma, na hatutakuwa wakweli tukisema haikuuma. Lakini waliisimamia, kila mmoja kwa zamu yake, kuanzia mama mmoja ambaye angeweza kunyamaza. Tumwombe Mola atupe ulimi wa kusema kweli kabla haijatugharimu, na tukichelewa kama alivyochelewa Umaima, atupe moyo wa kuisema hata hivyo.